Vifaranga Waliopakwa Rangi ya Kucha

Mimi nimesomea kupaka kucha, sikusomea kuku. Nalisema hili mapema kwa sababu lawama nyingi katika yaliyotokea ni zangu, na mtu aliyekosea nje ya fani yake anastahili kuhurumiwa kidogo.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika saluni moja ya Umbilo Road, mjini Durban. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, mahali ambapo baridi ya Julai inaingia bila hodi. Mwenye saluni ni mwanamke wa Bukavu tuliyemwita Patroni, maana ndivyo Wakongo wanavyomwita bosi wao wa kike, naye hakuwahi kupinga. Mimi ni mwanamke wa Ujiji, Mwislamu, na pale ndani nilikuwa Mtanzania peke yangu. Kosa lolote la Tanzania, hata la timu ya mpira, nililijibia mimi.

Halafu kuna Mama Pasta. Huyu ni mjane wa mchungaji wa Kikongo. Mume alifariki, jina la cheo likabaki kwa mke, na hakuna anayemwita vingine. Nilipofika Durban nikiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea, yeye ndiye aliyenikuta nimekaa kwenye ngazi za jengo lao pale Umbilo, akaniuliza nimekula nini. Nililala sebuleni kwake miezi tisa. Alininunulia sufuria mpya, akawakataza wote wasiiguse, akisema ni ya "mudogo wangu Muislamu". Kila Jumapili alinialika kanisani bila kuchoka, na kila Jumapili nilikataa bila kuchoka. Nampenda sana yule mama. Nayasema haya ili ijulikane kwa nini mtu mzima mwenye akili zake alifanya niliyoyafanya.

Mama Pasta ana binti mmoja, na binti akapata mchumba. Familia ya mchumba nao ni Wakongo, lakini wa kujiweza: wana nyumba Pinetown na karakana ya makochi. Siku walipokuja kujitambulisha, mama wa kijana alikaa kwenye kochi la Mama Pasta kama mtu anayekagua mshono. Akala kuku, akaweka mfupa pembeni ya sahani, akasema, "Hii ni kuku ya frigo," yaani ya jokofu. Kisha akatazama ukutani, akatazama mlangoni, akauliza, "Na nyinyi, ndugu zenu biko wapi?"

Swali hilo lilimchoma Mama Pasta. Ndugu zake, wale waliobaki hai, wametawanyika Uvira na kambini, na hapa Durban hana hata binamu. Jumatatu alikuja saluni amevaa kitenge cha kanisani, ishara kwamba ameamua jambo. Baada ya wiki saba wakwe wangerudi kutoa mahari, na siku hiyo asingekubali kuonekana mtu asiye na kwao.

"Nitawapikia kuku yenye nimelisha mimi mwenyewe," alisema. "Makumi mbili na tano. Wataona mutu wa kwao."

Watu wa ziwa tunaelewana hapo. Kigoma au Uvira, mgeni wa heshima hapewi kuku aliyetoka dukani amefungwa nailoni, hana kichwa, hana miguu, hana historia. Anapewa kuku wa nyumba. Na mwenye kuku wa nyumba, lazima ana nyumba.

Mimi ndiye niliyeingia kwenye simu kutafuta. Nikapata kiwanda cha kutotolesha vifaranga huko mbali, bara, ambacho hupokea oda kwa simu na kutuma vifaranga wa siku moja ndani ya boksi, kwa kampuni ya vifurushi. Mama Pasta alidhani namtania.

"Kuku ya posta? Kama barua?"

"Ndiyo, mama. Kifaranga akianguliwa bado ana kiini cha yai tumboni, anaweza kusafiri siku mbili bila kula."

"Na mama yao?"

"Hawana mama. Ni mashine."

Akasema masikini, kisha akauliza kama mashine inaweza kutuma wengi.

Kumbe mashine haiwezi kutuma wachache. Boksi ni moja, lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga ishirini na watano, na huwezi kununua chumba kimoja. Mama Pasta akachukua chumba chake. Mimi nikasema nitachukua kimoja, nikiota biriani. Patroni alikuwa anasuka mteja, akasikia, akachukua vyumba viwili vilivyobaki kabla hatujamwomba. Pa kuwalelea palikuwa kwangu. Nilikuwa nimepanga chumba Sydenham, chenye garaji lisilo na gari. Mwenye nyumba, bibi wa Kihindi mwenye masikio mazito, alikubali kuku "wachache". Sikumtajia namba, naye hakuuliza.

Mzigo tuliufuata Pinetown kwa gari la Patroni, kwenye ghala lililo nyuma ya viwanda. Kila mtu pale anasubiri matairi au vipuri, na katikati ya maboksi hayo kuna boksi moja linaloimba. Karani alitaka nisaini haraka aliondoe. Patroni akamwambia hatusaini kitu hatujakihesabu. Tukafungua kifuniko juu ya kaunta, mstari mrefu nyuma yetu, na Patroni akahesabu kwa Kifaransa hadi mwisho. Walikuwa mia na wawili. Wanaongeza wawili, karani alieleza, kwa ajili ya watakaokufa njiani.

"Bon," alisema Patroni. "Ile mbili ni yangu. Ni mimi niko na gari."

Ugomvi wa kwanza ulianza kabla boksi halijatulia chini. Vifaranga wote walikuwa wa njano, wote wanalia, wote wanafanana. Nani ni wa nani? Mama Pasta alisema Mungu anawajua walio wake. Patroni alisema Mungu hayuko kwenye oda. Hapo ndipo mimi, nikiwa na chupa za kazini ndani ya mkoba, nilipotoa wazo ambalo mpaka leo najiuliza lilitoka wapi. Tuwapake rangi ya kucha.

Wote wakashangilia. Mama Pasta akachagua nyekundu papo hapo, kwa ajili ya damu ya Mwanakondoo. Mimi nikachukua bluu, chupa ambayo hakuna mteja aliyeitaka tangu Krismasi. Patroni akakataa.

"Yangu usiipake. Bakuku yangu haziendi discothèque."

Nikaona ni sawa, kazi imepungua. Vifaranga hamsini, kucha nane kila mmoja, ni kucha mia nne. Niliwapaka mchana mzima nimeinama garajini, nikiwapuliza vidole vikauke. Sijawahi kuhudumia wateja wengi hivyo kwa siku moja, wala wateja wanaojisaidia mezani. Lakini walipendeza. Patroni mwenyewe alikiri kwamba mkono wangu ni mwepesi.

Siku ya tatu nikaelewa kwa nini yeye ana saluni na mimi nina meza. Rangi ya kucha kwenye mguu wa kifaranga anayechakura maranda ya mbao haikai. Inabanduka. Na kifaranga asiye na rangi ni wa Patroni. Alikuwa na hamsini na wawili, siku ya nne akawa na hamsini na watano, bila kununua na bila kutotoa. Ikawa kila jioni nikitoka kazini nafanya kazi nyingine, kukagua miguu na kupaka upya.

Ila walikuwa wazima. Taa yao ya joto ilikuwa nyekundu, garaji zima lilikuwa jekundu kama baa ya mjini, na wao wanakula, wanalala, wanakua. Jumamosi Mama Pasta akaja na Biblia, akawaombea wa kwake tu, akinionyesha kwa kidole hawa na hawa. Wale wa bluu aliwapungia mkono.

Jumatatu taa ikaungua. Nikanunua nyingine ya kawaida, nyeupe, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani na vifaranga wanatetemeka. Asubuhi nikakuta watatu wamekufa. Wote wekundu, vidole vimenyofolewa.

Nilisimama pale na gauni la kulalia. Sikufikiria sababu. Nilimfikiria Mama Pasta akihesabu ishirini na wawili, nikamfikiria yule mama wa Pinetown na mfupa wake pembeni ya sahani. Nikachukua watatu wa kwangu, wa bluu, nikawapaka nyekundu juu yake. Hesabu ikatimia. Nikaenda kazini nikijiona mtu mwema.

Kesho yake wamekufa wanne, wote wekundu. Nikatoa wanne wa kwangu. Keshokutwa watano. Nikaanza kuamini mambo. Nilifikiria jicho baya, nikafikiria yule mama mkwe ametuma kitu, nikasoma Ayatul Kursiy nikizunguka garaji. Patroni alikuja kutazama, akaona wa kwake wote wazima na wanene, akasema labda Mungu wa Mama Pasta anapenda sana damu. Nilimfukuza. Ndiyo, bosi wangu, nilimfukuza garajini kwangu.

Wiki ilipoisha bluu zangu zilikuwa zimebaki chache sana, na ndipo akili ikanijia ya kupiga simu kiwandani. Akapokea mwanamke mmoja mchangamfu. Nikamweleza wanavyokufa. Akauliza chakula, akauliza maji, akauliza joto. Kisha akauliza kama kuna kitu chochote miguuni.

Nikamwambia.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza rangi gani, nikamtajia, halafu nikasikia anafunika simu kwa mkono, na nyuma ya mkono kicheko cha watu wasiopungua sita. Aliporudi alikuwa anajikaza. Akanieleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba kuku akiona kitu chekundu hudhani ni damu, na akidhani ni damu humdonoa mwenzake mpaka iwe damu kweli. Taa nyekundu huwafanya wasiitofautishe. Nilipoweka taa nyeupe, niliwafungulia macho.

"Eish, sisi," alimalizia, akiniita dada kwa Kizulu, "tangu nianze kazi hapa sijawahi kusikia hii."

Nilikaa juu ya mfuko wa chakula nikalia. Nikacheka pia, lakini nililia kwanza. Vifaranga wangu walikuwa wazima wa afya, na mimi kila asubuhi nilikuwa nawachagua mmoja mmoja, nawashika vizuri ili wasiogope, nawapaka kifo kwa brashi. Tena tabaka mbili.

Siku hiyo wekundu wote niliwafunika kwa bluu. Wakawa bluu ishirini na tano, na kesho yake hakufa hata mmoja. Toka hapo niliwaongezea bluu kila jioni, tabaka juu ya tabaka, ili nyekundu ya chini isichungulie tena. Wangu halisi walibaki watatu. Ili kuwatofautisha na hao sikuwapaka upya, rangi ikawatoka, na kwa sheria iliyokuwepo wakawa wa Patroni.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Mama Pasta akaja na Biblia yake. Alisimama mlangoni akitafuta.

"Nyekundu yangu iko wapi?"

"Rangi nyekundu iliisha saluni, mama. Bluu ndiyo yako sasa. Wako wote, hesabu."

Akahesabu. Ishirini na watano. Uso ukamng'aa, kisha ukaingia wasiwasi.

"Na yako?"

"Walikufa."

"Bote?"

"Wote."

Aliweka Biblia chini, akanishika kichwa kwa mikono miwili juu ya mtandio wangu, akaniombea robo saa nzima. Alimkemea pepo wa hasara, akamkemea pepo wa mikono isiyoshika kitu, akataja na wengine ambao sikujua kama wapo. Vifaranga walinyamaza kusikiliza. Nami nikaitikia amina.

Laiti angeishia hapo. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Alisema Bwana amemlindia kuku wake, hata ukucha mmoja haukupotea, ilhali katika garaji hilohilo kuna dada mmoja, mtu mzuri, lakini wa imani nyingine, aliyeachwa bila hata mmoja. Nilisimuliwa na Patroni Jumatatu, mbele ya wateja, na sauti zote aliziigiza.

Nilinuna siku mbili. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema ufanye nini kama huna pa kwenda na kuku wenyewe wako garajini kwako, wanataka maji. Nilikuwa nawabebea ndoo nikiwasema. Niliwaambia wazi kwamba wao ni wa kwangu na kwamba wasijione watu wa kanisa. Walikula tu. Kuku wa nyama hajali dini wala shukrani, na wiki ya sita walikuwa wazito hata kutembea wanaona taabu.

Ijumaa, mkesha wa mahari, tuliwachinja nyuma ya garaji. Nilichinja mwenyewe kwa Bismillahi, maana nilitaka na mimi nile, na Mama Pasta akamwombea kila mmoja kwa jina la Yesu. Sidhani kama kuna kuku waliowahi kuondoka Sydenham na ulinzi mkubwa kuliko ule. Patroni alileta karai la maji ya moto, akanyonyoa kwa kasi ya mtu anayefumua rasta.

Miguu alichukua Mama Pasta. Alikaa kwenye kigoda akiichovya kwenye maji, anamenya ngozi, anang'oa magamba ya kucha kwa kidole gumba. Nilikuwa nakata vitunguu pembeni yake. Baada ya muda nikaona mikono yake imepunguza kasi. Akamenya mguu mmoja, akautazama, akaweka kushoto. Akamenya mwingine, akautazama, akaweka kulia. Chini ya bluu ya mguu wa kushoto palikuwa na nyekundu, na chini ya nyekundu hakuna kitu. Chini ya bluu ya mguu wa kulia palikuwa na nyekundu vilevile, na chini ya nyekundu, bluu ya zamani.

Aliendelea hivyo mpaka karai likaisha. Rundo la kushoto lilikuwa dogo. La kulia lilikuwa kubwa.

Nilisubiri aseme neno. Nilikuwa nimeandaa uongo mwingine, na mwingine wa akiba. Yeye aliyachanganya marundo yote mawili kwenye sufuria moja, ile ya "mudogo wangu Muislamu", akanawa mikono, akaenda kunyoosha nguo za kesho.

Wakwe walifika Jumamosi saa saba mchana, magari manne, wanaume wamevaa suti, wanawake kitenge cha sare. Tulikuwa tumefunga turubai kwenye uwanja wa nyuma wa jengo. Mama wa kijana hakukaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akawakuta kuku na vichwa vyao na miguu yao, akawatazama kwa muda, akafunika. Alipopita karibu yangu alisema "kuku ya nyumba" kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Mimi nilibaki mlangoni mwa jikoni na aproni yangu. Wakaanza salamu, wakaanza maneno ya mafumbo, mpaka msemaji wao, mzee mmoja mwenye kofia, akasimama na mkoba mkononi akasema hawezi kuufungua bado. Desturi inataka kwanza shangazi wa binti, dada wa baba yake, apewe kitenge chake na atoe ruhusa.

"Shangazi iko wapi?"

Pale chini ya turubai upande wetu kulikuwa na Mama Pasta, binti, wazee wawili wa kanisa na Patroni. Nilimwona mama wa kijana akiinua shingo. Alikuwa amelisubiri swali hili kuliko chakula. Patroni, kwa moyo mzuri kabisa, alikuwa tayari ameinua makalio kwenye kiti.

Mama Pasta alimpita. Akaja moja kwa moja mpaka mlangoni, akanishika mkono wenye vitunguu, akanivuta mbele ya watu wote.

"Ni huyu," alisema. "Mudogo ya marehemu bwana yangu."

Mama wa kijana akautazama mtandio wangu. Akautazama msalaba kifuani kwa Mama Pasta. Akautazama mtandio tena.

"Baba moja?"

"Baba moja," alijibu Mama Pasta bila kupepesa. "Baba mukwe alikuwa anavuka ziwa sana."

Baba mkwe wake, nijuavyo mimi, alikuwa mzee wa kanisa miaka thelathini na alikuwa anaogopa maji. Wazee wawili wa kanisa walitazama chini kwa pamoja. Lakini mkono wa Mama Pasta ulikuwa umenibana hata vidole vinauma, na nilipomgeukia nikaona macho yamemjaa machozi. Hakuwa anadanganya hata kidogo. Alikuwa anatoa ushuhuda mwingine.

Mzee wa kofia akanisogelea, akanipa kitenge kwa mikono miwili, akainama. "Shangazi, unakubali?"

Miaka minane nilikuwa Durban. Nimesimama foleni za karatasi, nimepiga picha za pasipoti, nimegongewa mihuri ya miezi sita na ya miezi mitatu, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuhitaji nikubali kitu. Sasa walikuwa wamesimama watu wa magari manne na suti zao, kimya, wananisubiri mimi.

Nikakikunjua kile kitenge. Nikakipima kwa mkono, kiwiko hadi kidole, taratibu, mbele ya wote. Nikakikunja tena nikamrudishia mzee, nikamwambia kwamba shangazi hajaridhika, wakae chini wazungumze upya, na mtu yeyote wa upande wao asiguse kuku mpaka niseme mimi.